Kisigino na Vidole: Kwa Nini Mguu Mmoja Hukanyaga Breki na Mafuta kwa Pamoja

Msimu wa Safari Rally unapokaribia Naivasha, simu za wapenda magari huanza kujaa video fupi fupi za miguu. Kamera imefungwa chini ya dashibodi, viatu vinacheza juu ya pedeli tatu, injini inanguruma kwa vipindi, na aliyeituma video ameandika kwamba hiyo ndiyo kisigino na vidole. Hapo mabishano huanza. Yupo anayeshikilia kwamba dereva anatumia injini kusimamisha gari ili atunze breki, yupo anayesema kwamba hiyo ni ile klachi ya kukanyaga mara mbili waliyoijua madereva wa malori tangu zamani, na yupo anayeona kwamba ni mbwembwe tu za kuifanya ekzosi ilie. Wote watatu wamegusa ukingo wa jambo lenyewe, lakini hakuna aliyelishika.

Tuanze na maneno. Kushusha gia ni kutoka gia ya juu kwenda ya chini, kwa mfano kutoka ya nne kwenda ya tatu. Kupiga resi ni kukanyaga mafuta ghafla na kuachia, ili mzunguko wa injini upande kwa kitambo kidogo. Kisigino na vidole ni namna ya kufanya hayo mawili wakati gari bado linafungwa breki: mguu wa kushoto uko kwenye klachi, pedeli inayotenganisha injini na giaboksi ikikanyagwa, na mguu wa kulia, huo huo mmoja, unabana breki kwa sehemu yake ya mbele huku ukingo wake wa kulia, au kisigino, ukigusa pedeli ya mafuta. Dereva ana pedeli tatu na miguu miwili, na kuna nusu sekunde ambapo zote tatu zinamhitaji kwa pamoja. Mbinu hii ilizaliwa na upungufu huo wa mguu mmoja.

Ili kuelewa kwa nini nusu sekunde hiyo ina uzito, inabidi kwanza kuelewa kinachotokea klachi inapoachiwa. Katika gari la gia za mkono, injini na magurudumu yanayosukuma gari vimefungwa pamoja kupitia giaboksi. Gari likiwa kwenye gia na klachi ikiwa imeachiwa, kimoja hakiwezi kuzunguka peke yake bila kingine, na kila gia ina uwiano wake unaosema injini izunguke mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Chukua Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la wazi lililoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambalo hadi leo ni la kawaida mno kwenye viwanja vya mbio vya Japani, Ulaya na Marekani. Ile yenye gia 5, ikienda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya nne, injini yake huzunguka takribani mara 3,950 kwa dakika. Kwa mwendo huo huo kwenye gia ya tatu, injini inatakiwa kuzunguka takribani mara 5,250. Gari halijaongeza wala kupunguza mwendo, lakini injini inadaiwa mizunguko 1,300 ya ziada, na deni hilo lazima lilipwe na mtu.

Walipaji wako wawili tu. Wa kwanza ni mafuta: dereva akipiga resi kidogo wakati klachi imekanyagwa, injini hujipandisha yenyewe hadi 5,250, na klachi ikiachiwa inakuta pande zote mbili zinazunguka sawasawa. Wa pili ni matairi. Dereva asipopiga resi, mzunguko wa injini huanza kuporomoka mara anapokanyaga klachi, na anapoiachia, magurudumu ndiyo yanayoiburuta injini kuipandisha kutoka chini, kwa nguvu na kwa ghafla. Huo ndio ule mshtuko unaomfanya abiria atikise kichwa mbele kama anayeitikia salamu.

Aliyewahi kumtazama konda wa daladala anayejua kazi yake amekwisha kuliona jambo hili. Gari linapoondoka kituoni, konda hasimami wima kungoja mlango umfikie ndipo aushike. Hukimbia kwanza sambamba na gari, hatua tatu au nne, mpaka mwendo wake ulingane na wa gari, ndipo anaposhika bomba na kupanda bila mtikisiko. Mgeni anayeshika bomba akiwa amesimama huvutwa mkono mpaka bega likauma. Kupiga resi ni zile hatua tatu za konda, na klachi ni mkono unaoshika bomba.

Hapo msomaji makini atauliza: mimi hushusha gia kila siku mjini, sipigi resi, na gari halijawahi kunifanyia lolote; imekuwaje? Imekuwa hivyo kwa sababu mjini unaachia klachi polepole. Unaiacha iteleze kidogo, injini inapanda taratibu, mshtuko unasambazwa katika sekunde nzima, na gharama yake inalipwa na sahani ya klachi ambayo itadumu kwa miaka. Zaidi ya hapo, mjini breki unaigusa kwa upole, na matairi yana akiba kubwa ya mshiko ambayo hujaitumia. Kwenye uwanja wa mbio akiba hiyo haipo.

Mshiko wa tairi ni kama shuka fupi: ukiivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Tairi linaweza kutumia mshiko wake kufunga breki, au kukata kona, au kugawa kidogo huku na kidogo kule, lakini haliwezi kutoa zaidi ya lilicho nacho. Dereva wa uwanjani anayeikaribia kona kwa kasi amekwisha kulivuta shuka lote upande wa breki. Wakati huo huo, uzito wa gari umehamia mbele, vile vile abiria waliosimama kwenye basi wanavyosukumana kuelekea kwa dereva linapofunga breki, na kwa hiyo matairi ya nyuma yamekuwa mepesi na yameshika lami kwa shida. Sasa fikiria gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama hiyo MX-5, likiwa katika hali hiyo, halafu dereva anaachia klachi kwa pupa bila kupiga resi. Magurudumu ya nyuma yanayong'ang'ania mshiko wa mwisho yanapewa mzigo mwingine wa kuiburuta injini. Yanateleza, na tairi linaloteleza halina tena habari ya kulishikilia gari liende mbele. Sehemu ya nyuma inataka kutangulia. Kukiwa na mvua, au usukani ukiwa umeanza kukatwa, gari hugeuka na kuangalia lilikotoka.

Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hatari hiyo ni ndogo kwa sababu uzito umekuja mbele, lakini ubaya wake ni wa namna nyingine: matairi ya mbele ndiyo yanayofunga breki kwa sehemu kubwa na ndiyo yanayosubiriwa kukata kona, na yakishtuliwa, gari hukataa kukunja na kuendelea kunyoosha.

Kwa maelezo hayo, dai la kwanza katika yale mabishano limekwisha kupata jibu, lakini linastahili kusemwa kwa uwazi kwa sababu ndilo lililosambaa kuliko yote. Dereva wa uwanjani hashushi gia ili apunguze mwendo. Kazi ya kupunguza mwendo ni ya breki, na breki nzuri za gari dogo zinaweza kufikisha matairi kwenye mwisho wa mshiko wake zenyewe bila msaada wa injini. Anashusha gia kwa sababu anaitazamia kona itakapoisha: atakapotaka kukanyaga mafuta kutoka humo, anataka gia inayofaa iwe tayari, injini ikiwa katika mzunguko wenye nguvu. Kushusha gia kunafanyika wakati wa breki kwa sababu tu hapo ndipo penye nafasi.

Chanzo cha dai hilo nakifahamu, na si cha kipuuzi. Dereva wa lori anayeteremka Kitonga, kule Iringa, akiwa na shehena ya tani nyingi, anatakiwa kutumia injini kulizuia gari, kwa sababu mteremko ni mrefu na breki zikikanyagwa mfululizo huchemka na kupoteza nguvu. Kwake yeye, gia ya chini ni breki ya pili, na anayemfundisha vinginevyo anamtakia mabaya. Lakini mteremko wa Kitonga unamshughulisha dereva kwa dakika nyingi, ilhali breki ya uwanjani hudumu kwa sekunde chache kabla ya kona, kisha breki hupata hewa. Ushauri unaookoa maisha mlimani ukipelekwa uwanjani bila kufikiriwa huishia kuua giaboksi, na breki pedi siku zote ni za bei nafuu kuliko giaboksi.

Kuna sababu nyingine ya kuacha breki zitangulie, nayo ina tarakimu zake. Rudi kwenye ile MX-5. Ikiwa kilomita 110 kwa saa, gia ya nne, injini inazunguka kama mara 4,350 na iko salama kabisa. Dereva akiwa na haraka akaisukuma gia ya pili kwa mwendo huo na kuachia klachi, magurudumu yataishurutisha injini kuzunguka zaidi ya mara 8,000, wakati mstari mwekundu kwenye dashibodi unaanzia karibu 7,000. Kifaa cha kukata mafuta, ambacho huizuia injini kuvuka mstari huo unapokanyaga mafuta, hapa hakisaidii kitu, maana si mafuta yanayoipandisha injini bali ni magurudumu. Injini inaweza kuharibika vibaya, na mwenye gari akarudi nyumbani juu ya gari la kuvuta. Subiri breki ishushe mwendo hadi kilomita 60, na gia hiyo hiyo ya pili itahitaji mizunguko 4,500 tu. Kwa hiyo mpangilio ni huu: breki kwanza, kwa nguvu, na gia ifuate mwishoni mwishoni. Wanaojifunza karibu wote hushusha gia mapema mno, kwa woga kwamba nafasi itakwisha.

Dai la pili, la klachi ya kukanyaga mara mbili, linahitaji historia kidogo. Giaboksi za zamani hazikuwa na kifaa cha kusawazisha mizunguko ndani yake. Dereva alipotaka kushusha gia alikanyaga klachi, akaweka fri, yaani akaitoa gia bila kuingiza nyingine, akaachia klachi, akapiga resi ili kuizungusha shafti ya ndani ifikie mwendo unaotakiwa, akakanyaga klachi tena, ndipo gia ikaingia bila kusaga meno. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye giaboksi iliyowekewa vifaa vya kusawazisha, na taratibu magari yote madogo yakafuata. Leo, pete ndogo zilizo ndani ya giaboksi, ambazo mafundi huziita sinkronaiza, ndizo zinazofanya kazi ile ya klachi ya pili kila unapotia gia. Hivyo dereva wa gari dogo la kisasa lenye giaboksi nzima hana sababu ya kukanyaga mara mbili, na akifanya hivyo katikati ya breki kali atakuwa amejiongezea kazi mahali ambapo tayari kazi imemzidi. Kukanyaga mara mbili husaidia ndani ya giaboksi, na kisigino na vidole husaidia kwenye klachi na matairi. Mtu anaweza kufanya kimoja bila kingine, au vyote kwa pamoja kama ana gari la kale.

Dai la tatu, la mbwembwe za ekzosi, nalo limekwisha kujibika: mngurumo ule ni ile resi inayolipa deni la mizunguko. Kuhusu video zenyewe, nyingi zinazozunguka wakati wa Safari si za mbinu hii hata kidogo. Magari ya daraja la juu la mbio za dunia za rali, yaani Rally1 yaliyoingia mwaka 2022, yana gia 5 za mfululizo ambazo dereva huvuta na kusukuma mtaimbo mmoja, na klachi huihitaji hasa wakati wa kuondoka. Mguu wa kushoto ukiwa huru, ndio unaokanyaga breki, na wa kulia unabaki kwenye mafuta. Hiyo huitwa breki ya mguu wa kushoto na ni somo jingine. Walioshinda Safari ya zamani kwa magari ya gia za mkono, kina Joginder Singh mwaka 1965, 1974 na 1976, walifanya kazi kwa pedeli tatu. Katika Formula One, klachi ya mguu ilianza kuondoka pale Ferrari ilipoingiza gari lake la 640 mwaka 1989, likiwa na gia zinazobadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, na dereva wake Nigel Mansell akashinda nalo mbio yake ya kwanza nchini Brazili. Anayetaka kuona kisigino na vidole halisi kilichofanywa na bingwa na amtazame Ayrton Senna akiendesha Honda NSX kwenye uwanja wa Suzuka, Japani. Amevaa viatu vya kawaida vya kutembelea na soksi nyeupe, na ukitazama mguu wa kulia utaona kwamba sehemu inayobana breki haichezi; kinachocheza ni ukingo wake tu.

Mguu huo ndio tuusogelee, kwa sababu jina la mbinu linapotosha. Wengi husikia kisigino na vidole wakajaribu kuweka vidole kwenye breki na kuukunja mguu mpaka kisigino kifike kwenye mafuta, goti likagonga usukani, wakakata tamaa. Katika baadhi ya magari ya kale pedeli zilikaa kwa namna iliyohitaji kisigino kweli. Katika magari mengi ya sasa, pedeli ya breki na ya mafuta ziko jirani, na kinachohitajika ni kuugawa wayo kwa urefu. Ile sehemu nene iliyo chini ya kidole gumba inakaa kwenye ukingo wa kulia wa pedeli ya breki, ikiwa imeishika kwa zaidi ya nusu ya upana wake ili isiteleze. Ukingo wa nje wa wayo, upande wa kidole kidogo, unaning'inia juu ya pedeli ya mafuta bila kuigusa. Wakati ukifika, kifundo cha mguu kinaviringika kuelekea kulia, kama unavyogeuza kitasa cha mlango, na ukingo ule unaichapa pedeli ya mafuta mara moja na kurudi. Mwenye mguu mdogo au pedeli zilizoachana hulazimika kukizungusha kisigino kidogo kulia. Hakuna ubaya, mradi sehemu ya mbele isihame kwenye breki.

Yapo mambo ya kiatu na sakafu ambayo walimu huyapita haraka na wanafunzi hugundua kwa aibu. Nilipojaribu mara ya kwanza nilikuwa na viatu vya ofisini vyenye soli nene iliyochomoza pembeni, na soli ile ikanasa chini ya pedeli ya breki wakati nilipotaka kuirudisha kwenye mafuta. Kiatu kinachofaa ni chenye soli nyembamba na chembamba pembeni, kinachokuruhusu kuhisi pedeli. Kandambili na viatu vikubwa vya kazi viachwe nyumbani. Kapeti ya sakafu ya dereva iondolewe kabisa, na chupa ya maji isiwepo popote inapoweza kubingirika ikaja miguuni.

Tena kuna fumbo moja linalowakatisha tamaa wengi wanaojizoeza barabarani. Pedeli ya breki ikiwa haijakanyagwa hukaa juu kuliko ya mafuta. Ukiikanyaga kwa nguvu za uwanjani, inazama mpaka ikawa karibu sawa na jirani yake, na hapo mguu unazifikia zote mbili bila taabu. Ukiikanyaga kwa upole wa mjini, inabaki juu, na ili kuifikia pedeli ya mafuta inakubidi uupinde mguu kama unayetafuta kitu chini ya kitanda. Mtu akahitimisha kwamba gari lake halifai au mguu wake umeumbwa vibaya, kumbe kinachokosekana ni nguvu ya breki ambayo barabara ya umma haiiruhusu. Hii ni sababu mojawapo ya kusema kwamba mbinu hii ni ya uwanjani. Nyingine ni majirani zako walio nyuma yako kwenye foleni.

Kujifunza huanza gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Kaa kama unavyokaa kuendesha, bana breki kwa nguvu, kisha viringisha kifundo uguse mafuta, mara hamsini, mara mia, mpaka mguu uache kuuliza. Kisha washa injini, weka fri, vuta breki ya mkono, na ufanye vile vile huku ukitazama mshale wa mizunguko: tafuta ni mguso gani unaopandisha injini hadi kama 3,500. Kila gari lina tabia yake. Injini yenye flaiwili nzito, lile gurudumu la chuma linalozunguka pamoja nayo, hupanda kwa uvivu na hushuka kwa uvivu, nyepesi huruka na kuanguka upesi.

Hatua inayofuata haina breki ndani yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayofundisha zaidi. Katika barabara tulivu, kwa mwendo unaoruhusiwa, tuseme kilomita 50 kwenye gia ya nne, kanyaga klachi, tia gia ya tatu, piga resi kidogo kwa mguu wa kulia ambao haujashika kitu kingine, kisha achia klachi. Ukipiga kidogo mno, gari litashtuka kana kwamba limevutwa nyuma. Ukizidisha, litaruka mbele. Ukipatia hutahisi chochote, na sikio lako litakuwa limejifunza sauti ya gia ya tatu kwa mwendo huo kabla gia yenyewe haijaingia. Zoezi hili pekee, bila breki wala uwanja, linamfaa hata asiye na mpango wa kwenda kwenye mbio, kwa sababu hulainisha safari na kuipumzisha klachi.

Kuiunganisha resi hii na breki kufanyike uwanjani, siku zile ambazo mwenye gari hulipa ada akaruhusiwa kuendesha gari lake mwenyewe bila mashindano. Afrika Mashariki haina viwanja vingi vya lami vya namna hiyo, lakini Waswahili walioko Ghuba wana Dubai Autodrome, ambao ulifunguliwa mwaka 2004, na walioko Ulaya wana vingi. Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, yenye karibu kilomita 21 na ambayo mtu wa kawaida anaweza kuilipia na kuingia, inavutia wengi, ila si mahali pa kujifunzia: kona ni nyingi, nafasi ya kukosea ni finyu, na nyuma yako kuna mtu mwenye gari kali na haraka zake. Chagua uwanja mdogo, chagua kona moja yenye njia ndefu iliyonyooka kabla yake na uwazi mkubwa baada yake, na ufanyie mbinu kona hiyo moja tu, kwa mwendo wa asilimia sabini ya uwezo wako.

Mfululizo wake, ukiutazama kwa karibu, uko hivi. Unafika kwenye alama yako ya breki na kubana kwa nguvu. Mwendo unaanguka, na katika sehemu hii ya kwanza hufanyi chochote kingine. Mwendo ukishapungua kiasi cha gia ya chini kuwa salama, mguu wa kushoto unakanyaga klachi, mkono unatoa gia ya nne, na mtaimbo unapopita kwenye fri kuelekea gia ya tatu, kifundo cha kulia kinachapa mafuta mara moja. Gia inaingia, klachi inaachiwa bila kusitasita wakati injini bado iko juu, mkono unarudi kwenye usukani. Ndipo unapoanza kuilegeza breki na kukata kona. Yote hayo, kuanzia klachi hadi klachi, ni chini ya sekunde moja, na muda wote huo shinikizo la mguu kwenye breki halipandi wala halishuki.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mtihani wenyewe. Kosa la kila anayeanza ni kwamba kifundo kinapoviringika, mguu mzima unasukuma, breki inaongezeka ghafla, pua ya gari inapiga magoti na matairi yanalia. Au mguu unalegea, breki inapungua, na kona inafika kabla mwendo haujawa tayari. Ndiyo maana anayeshindwa kubana breki kwa nguvu thabiti bila kupiga resi hana haja ya kukimbilia hatua hii. Auache mguu wa kulia ufanye kazi moja, afunge breki vizuri, kisha karibu na kona akanyage klachi, atie gia na kuiachia klachi taratibu kama anavyofanya mjini. Atapoteza sehemu ndogo ya sekunde na atarudi nyumbani na gari zima. Breki mbovu yenye resi nzuri ni ya kumsikilizisha mpita njia tu.

Kosa lingine la mara kwa mara ni la wakati. Resi inapigwa vizuri, lakini klachi inachelewa kuachiwa, na injini ikawa imekwisha kuporomoka tena. Dereva anadhani hakupiga ya kutosha, mara ijayo anachapa mafuta kwa nguvu zaidi, na tatizo linabaki pale pale. Dawa yake ni kuichelewesha resi kidogo na kuiwahisha klachi.

Magari mapya yamelifanya somo hili kuwa la hiari. Nissan 370Z, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2008, ililetwa na mfumo unaotambua gia inayokuja na kupandisha mizunguko wenyewe, na baadaye Honda Civic Type R na Toyota GR Yaris zikaja na mifumo ya aina hiyo. Dereva anakanyaga breki na klachi tu, kompyuta inapiga resi. Sioni aibu yoyote katika kuutumia, hasa kwa anayeanza uwanjani na mwenye mengine mengi ya kufikiria. Kwa upande mwingine, baadhi ya magari yenye pedeli ya mafuta ya umeme hukata mafuta kabisa breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, kwa usalama, na mwenye gari kama hilo anaweza kujilaumu bure kwa miezi. Jaribu gari likiwa limesimama kwenye fri: bana breki, gusa mafuta, tazama mshale. Usipopanda, muulize fundi anayelijua gari lako kabla ya kununua viatu vipya.

Kwa aliye tayari na gari linalokubali, kipimo cha kwamba amefika hakihitaji vifaa. Mpakie mtu anayekuamini kwenye kiti cha abiria, umwombe afumbe macho, na uzunguke uwanja kwa mwendo wa wastani. Kwenye kila kona muulize kama gia imebadilika. Akikujibu kwamba ameisikia injini lakini shingo yake haikuambiwa kitu, mguu wako umeelewa.